Beki Aliyeliacha Goli Wazi

Soko la Jericho likijaa Jumamosi, hata chafya unaipiga kwa zamu. Khalayi alikuwa ameinama kwenye kibanda chake, leso kiunoni, gauni la kijani limemkaa vizuri, akipanga nyanya mafungu mafungu. Ghafla mkono mzito ukamsukuma kando. Puu! Akaketi juu ya nyanya zake mwenyewe. Mkokoteni wa viazi ukapita kasi pale pale alipokuwa.

"Wewe baba, una wazimu?"

"Pole, dada. Mkokoteni ulikuwa..."

"Mkokoteni gani? Mimi naona nyanya!"

Jirani yake Teresiah, muuza sukumawiki, alikuwa hoi kwa kicheko. "Wee Khalayi! Huyo ni Ndambuki! Beki wa zamani wa timu ya taifa, Harambee Stars! Washambuliaji walikuwa wakimwona wanageuza njia!"

"Hata angekuwa refa. Ainame aziokote."

Lile jitu refu, goti limefungwa bendeji, likainama likaokota moja moja.

"Zilizopasuka nitazila mimi," akasema kwa upole.

Na kweli alizila. Wakapeana namba, na kila jioni simu ikawa hailali.

"Mwenye nyanya, umekula?"

"Nimekula, beki wangu. Na wewe je?"

"Mchuzi wa nyanya."

"Tena? Utageuka mwekundu watu wakuogope!"

Khalayi alikuwa mjane, na kicheko cha namna hiyo alikuwa amekisahau. Jumapili moja alivaa vizuri akaenda uwanja wa Camp Toyoyo kumtazama Ndambuki akicheza na wakongwe wenzake. Baada ya mechi waliketi kando ya uwanja wakitafuna mahindi ya kuchoma.

"Mbona wewe huendi mbele?" Khalayi aliuliza. "Wenzako wanapanda, wewe umesimama kama mlinzi wa benki."

Ndambuki akaliweka hindi lake chini. Kisha akamweleza. Miaka yote aliyoichezea nchi hakuwahi kufunga bao. Mechi yake ya mwisho tamaa ikamshika, akaacha nafasi yake, akakimbia mbele. Mpira ukaporwa. Wageni wakafunga pale pale alipotakiwa kuwa.

"Nchi nzima ilinisema, Khalayi. Tangu siku hiyo sijavuka katikati ya uwanja."

Khalayi alitaka kucheka. Akamtazama usoni, akaacha. Akamshika mkono, nao ukakaa hapo mpaka mahindi yakapoa.

Basi akatokea Kim. Huyu alikuwa na duka la rangi na misumari kule Komarock, viatu vyake viking'aa hata siku ya matope. Akaanza kupita kibandani kila siku, salamu tele, maneno matamu. Ndambuki alimkuta hapo, akamsalimia kwa adabu, akarudi nyuma hatua mbili, akaenda zake. Soko zima liliona.

Usiku huo Khalayi ndiye aliyepiga simu.

"Umemwona Kim?"

"Nimemwona."

"Anataka kwenda na wazee wake kwa mama, Bungoma, kuniposa. Anangoja jibu langu Jumapili jioni. Nimwambie nini?"

Upande wa pili ukasikika mwiko ukikoroga mchuzi.

"Ndambuki?"

"Wewe ndiye unayeujua moyo wako."

Khalayi akakata simu. Akajifunika leso usoni, akalia. Kumbe mtu alikuwa akila nyanya tu!

Kesho yake Teresiah hakuvumilia. Akamfuata Ndambuki uwanjani.

"Baba, unangoja nini?"

"Mshambuliaji akija na mpira, Teresiah, humrukii. Unarudi nyuma, unatulia, unangoja akosee."

"Nani akosee, Kim? Kim hakosei! Ana adabu, ana duka, viatu ndio hivyo umeviona! Na yule mwanamke hangoji Kim akosee. Anakungoja wewe uende!"

Ndambuki akainama, akaikaza bendeji ya goti.

Jumapili Teresiah alimburuta Khalayi mpaka Camp Toyoyo. Khalayi alisimama nyuma ya goli la mbali, gauni la manjano, kitambaa cheupe kichwani, mikono ameikunja, simu mkononi. Jibu la kumpa Kim alikuwa nalo mdomoni.

Ndambuki alimwona kutoka ng'ambo. Akapata mpira, akautazama, akaanza kwenda. Akafika katikati. Akavuka.

"Mzee, rudi!" wenzake wakapiga kelele. "Nyuma hakuna mtu!"

Akampita wa kwanza. Akampita wa pili, goti likilia. Kipa akatoka langoni. Goli hilo hapo, wazi kabisa! Ndambuki akauacha mpira, akauzunguka mlingoti wa goli, akasimama mbele ya Khalayi.

Kule nyuma wapinzani waliupiga mpira mbali, ukaingia goli la kina Ndambuki. Uwanja ukalipuka kwa matusi na vicheko.

"Umeliacha goli wazi," Khalayi akasema.

"Nimeliacha."

"Wamefunga."

"Nimesikia." Alikuwa akihema. "Khalayi, nataka kukuoa. Wazee wangu wako tayari kwenda kwa mama. Nilikosea kurudi nyuma."

"Na wakikusema tena?"

"Wacha waseme."

 Khalayi akafungua kitambaa chake cha kichwani, akamfuta jasho usoni taratibu, bila haraka, watu wote wakitazama. Kisha akaitia simu mfukoni.

"Kim nitamwambia mwenyewe, tena kwa heshima. Amekuwa mtu mzuri," akasema. "Na wewe rudi uwanjani mwendo wa polepole. Kwetu Bungoma harusi huchezwa mpaka kuche, na goti hilo nalitaka zima."