Majarini ya Kupima

Fundi cherehani aliamka na furaha. Alizikunja nguo za wateja, akaziweka kando. Leo si siku ya kushona. Leo mkwewe anakuja, yaani mke wa mwanawe, na fundi anataka kumwokea keki.

Mkwe huyu hali kitu chochote kinachotoka kwa mnyama. Nyama hali, samaki hali. Mayai hagusi, maziwa hanywi, hata asali haonji. Ndivyo alivyoamua, na moyo wa mtu hausukumwi. Alipokuja mara ya kwanza, alikunywa chai kavu, akala chungwa, akasema ameshiba. Ameshiba nini? Fundi alilalamika wiki nzima: "Mtoto wa watu ametoka nyumbani kwangu na njaa!"

Safari hii fundi alijipanga. Alichanganya unga, sukari, ndizi mbivu na majarini. Majarini ni ile ambayo wengi wetu huiita siagi, ingawa siagi yenyewe hutokana na maziwa. Fundi aliinunua ya kupima, kama kawaida yake. Muuza duka huchota kwa kijiko kutoka kwenye ndoo kubwa, kisha huifunga kwenye mfuko mdogo.

Fundi aliweka makaa chini ya sufuria na mengine juu ya mfuniko. Keki ikaiva. Harufu ikaruka ua. Jirani yake, mwoka mikate, akaja akifuata pua.

"Hodi! Nani huyo anayetaka kuninyang'anya wateja?"

"Karibu, shoga. Wateja wako siwataki. Hii ni ya mkwe wangu. Haina hata tone la maziwa."

"Na majarini je?"

"Ah! Majarini si mafuta ya mimea tu?"

Mwoka mikate akavuta kigoda, akakaa. "Kitendawili!"

"Tega."

"Nimevaa nguo ya alizeti, mfukoni nimeficha maziwa."

Fundi alifikiri, akashindwa. "Haya, nakupa mji, pamoja na masoko yake yote."

"Jibu ni majarini! Si zote, shoga, ni baadhi. Ni kweli hutengenezwa kwa mafuta ya mimea. Lakini wengine huongeza unga wa maziwa, au maji yanayobaki maziwa yakigandishwa. Hiyo yako umeisoma?"

"Nisome nini? Mfuko wa nailoni una maandishi?"

"Basi twende kwenye ndoo."

Muuza duka alipowasikia, alicheka. "Leo mmekuja kununua au kukagua?" Lakini aliigeuza ndoo.

"Soma wewe," mwoka mikate alimwambia fundi. "Tafuta neno viambato. Ndivyo vitu vilivyomo."

Fundi alisoma polepole, kidole kikifuata herufi. "Mafuta ya mawese. Maji. Chumvi. Unga wa... maziwa." Kidole kikasimama. "Masikini mimi! Nusura nimlishe!"

"Hujamlisha bado. Sasa tafuta nyingine. Ukiona maziwa, laktosi au kasini, iache. Laktosi ni sukari ya maziwa, na kasini inatoka humo humo. Angalia na mafuta ya samaki. Vitamini D nayo, nyingine hutolewa kwenye manyoya ya kondoo."

"Kondoo tena! Nitajuaje?"

"Tafuta kopo lililoandikwa kwamba halina kitu cha mnyama. Na usome kila unaponunua, maana watengenezaji hubadilisha. Ukikosa kabisa, okea mafuta ya alizeti."

Walifungua macho, wakalipata kopo moja dogo kwenye rafu ya juu. Fundi akalinunua, wakarudi nyumbani mbio.

Mumewe, mpaka rangi wa nyumba, alikuwa ameshaivizia ile keki. Aliposikia habari, akasema, "Nyamaza tu, mama. Mgeni yuko njiani. Ulimi wake hautajua."

"Ulimi wake hautajua, lakini mimi nitajua. Akiniuliza, nitamtazama kwa macho yapi?"

Mzee akakuna kichwa. "Basi hii niachieni mimi. Mimi na ng'ombe hatuna ugomvi."

Keki ya pili ilikuwa bado jikoni mkwe alipobisha hodi. Fundi hakuficha kitu. Alimweleza yote, ya ndoo na ya mfuko, kisha akampa lile kopo alisome mwenyewe. Mkwe akasoma. Akaligeuza, akasoma tena. Fundi akaanza kufikicha vidole.

Mkwe akafungua mkoba wake, akatoa mkate na karanga zilizofungwa vizuri.

"Mama, unisamehe. Nilikuja na chakula changu, nikile kwa siri. Kila ninapoalikwa nabeba, kwa sababu watu huniambia 'kula tu, haina kitu'. Hakuna aliyewahi kunisomea kopo. Asante, mama. Asante sana."

"Usinishukuru mimi peke yangu," fundi alisema, machozi yakimlenga. "Mshukuru na huyu jirani. Bila yeye ningekukosea huku nakupenda."

Mkwe akamshika mwoka mikate mkono, akamshukuru. Kisha akampa baba mkwe zile karanga na mkate. "Baba, hivi chukua wewe. Sivihitaji tena."

"Leo kila kitu naachiwa mimi!" mzee akasema, na wote wakacheka.

Keki ikaletwa ikiwa moto. Mkwe alikula kipande chake chote, akaokota na makombo. Kisha akasogeza sahani.

"Mama, niongeze."