Mshauri Aliyenyamaza

Lifti ilikwama katikati ya ghorofa ya tatu na ya nne, imejaa pomoni. Mshonaji mmoja, gauni lake la njano limemkaa sawasawa, alikuwa amekumbatia nguo za mteja huku jasho likimtiririka.

"Nakufa jamani!"

"Hufi, dada," alisema kijana wa shati jeupe aliyebanwa ubavuni mwake. "Usipigane na hofu. Iache ikae. Sikia tu pumzi inavyoingia, inavyotoka. Halafu niambie, unaogopa nini hasa?"

Akamwambia. Mlango ulipofunguliwa moyo wake ulikuwa umetulia, na namba za simu walikuwa wameshapeana.

Kijana alikuwa mshauri wa saikolojia, na kazi aliijua. Kwa watawa wa Kibudha alijifunza kukaa kimya na maumivu bila kuyakimbia. Chuoni alijifunza kuyauliza yametoka wapi. Watu waliingia ofisini kwake wameinama, wakatoka wanatembea wima. Mshonaji alimpenda kwa hilo, akawasimulia wateja wake mpaka wakachoka.

Jioni moja akampigia. "Mpenzi, mama anauliza tutaoana lini."

Kimya. Pumzi tu ndiyo iliyosikika.

"Umeanza! Mimi si mgonjwa wako!" Akakata simu. Alilia, nasema wazi, alilia mpaka uso ukavimba. Kijana alipiga na kupiga, wala hakupokea.

Hatimaye akamfuata dukani, shati halijapigwa pasi, macho mekundu. Cherehani zote zikasimama. Mafundi wale hawapitwi na jambo.

"Nilinyamaza kwa sababu niliogopa, mpenzi. Nikakaa na hofu yangu kama ninavyowafundisha watu. Kuisema, ambayo ndiyo nusu ya pili ya kazi yangu, nikashindwa."

"Basi iseme."

"Baba alimwacha mama, akaondoka bila hata kuaga. Nafanana naye kwa kila kitu. Naogopa na mimi nitakuacha."

Mshonaji alimtazama. Watu wangapi wametua mizigo yao mbele ya huyu, na wa kwake hajawahi kumwonyesha mtu! Akampenda kuliko siku zote.

"Kwani unataka kuniacha?"

"Hata kidogo. Nataka kukuoa."

"Mimi pia naogopa, mjinga wangu wee," alisema, machozi yakimtoka mbele ya mafundi wote. "Tuoane hivyo hivyo."