Anayejibu Ukutani

Taa ya modemu ilikuwa ya kijani mpaka fundi alipoinuka kitandani. Alipofika mlangoni ikawa nyekundu. Akarudi, akaketi tena kando ya mto, ikawa kijani. Fundi aliitazama, akakuna shingo, akasema huenda waya umelegea.

Kitanda kilikuwa cha mama wa mwenye nyumba, bibi aliyezikwa mwezi uliopita. Mwenye nyumba mwenyewe mtaa mzima ulimwita Rimoti, kwa sababu hakuna aliyewahi kumkuta sebuleni kwake bila rimoti mkononi. Hata akiitwa kula, alikwenda nayo mezani. Fundi alikuwa amepita chumba kwa chumba akipima mtandao kwa simu yake, na dirisha pekee lililotazama mnara lilikuwa la chumba hiki cha nyuma. Basi antena ikafungwa nje ya dirisha, waya ukapitishwa pembeni mwa fremu, na modemu ikawekwa juu ya kabati dogo, pale zilipokaa dawa za bibi.

Modemu ilitumwa na dada yake Rimoti, aliyeishi nchi ya mbali na hakuwahi mazishi. Alitaka jambo moja tu: aonyeshwe kile chumba, na kaka yake amsimulie tena jinsi alivyomshika mama mkono mpaka pumzi ya mwisho. Dada alisema bila maneno hayo hapati usingizi.

Nayo yalikuwa uongo. Jioni ile mke wa Rimoti alikuwa safarini, kwenye televisheni kulikuwa na fainali, na bibi, ambaye kitanda chake kiliegemea ukuta wa sebule, alianza kubisha kwa fimbo kama alivyozoea akihitaji kitu.

"Baba, bibi anabisha," alisema binti yake.

"Namsikia. Mechi ikiisha nitakwenda," alijibu Rimoti, akaongeza sauti.

Mechi ilikwenda mpaka penalti. Alipoingia chumbani, mkono aliokuja kudai kwamba aliushika ulikuwa umeshapoa. Tangu hapo alipokea pole za watu, alikula, alikwenda kazini, lakini hakuweza kumtazama binti yake machoni.

Fundi alibadilisha waya. Akabadilisha adapta, akaitoa laini, akaipangusa, akairudisha. Akapanda ngazi akaigeuza antena kidogo kidogo huku akiuliza kwa sauti, "Sasa je?" Mtu akiwa kitandani, mtandao ulikwenda vizuri. Chumba kikibaki kitupu, ulikata. Akaichukua modemu kwenda nayo kwake, ikakesha kijani bila kukaliwa na mtu, akairudisha akiwa amenuna.

"Bosi, nimefunga nyingi hizi," alisema. "Sijaona inayoogopa kuachwa peke yake."

"Si uitafutie dawa, fundi?"

"Dawa mnayo. Kaeni nayo." Alicheka, lakini hakuketi tena kwenye kile kitanda.

Wakakaa nayo, wafanyeje. Chumba ambacho watu walikipita haraka haraka bibi akiwa hai, sasa kiligombewa. Binti alisomea kitandani, mama yake akachambulia mboga pale pale, na Rimoti alijibana miguuni akitazama mechi kwenye simu.

"Mama angefurahi," alisema mkewe. "Hatukuwahi kujaa humu hivi."

Hakuwa akimsuta mtu. Hata hivyo Rimoti alihisi masikio yakimwaka.

Kisha ikaja harufu ya dawa ya kuchua, ile aliyojipaka bibi magotini, ingawa kopo lake lilishatupwa. Halafu mto. Asubuhi ulitandikwa vizuri, jioni ukakutwa na shimo la kichwa. Na siku moja jua likizama, wakiwa wote watatu sebuleni, chumba cha nyuma kitupu na mlango wake umefungwa, ukuta ukabishwa, polepole, ngo, ngo, ngo, mahali pale pale na kwa mwendo ule ule wa mtu mzee anayepumzika kati ya pigo na pigo, na hakuna aliyesogea, na harufu ya dawa ikaingia sebuleni kwa chini ya mlango, nzito, ikapita miguuni mwao kana kwamba imemtangulia mtu anayekuja taratibu nyuma yake.

"Umesikia?" mkewe alinong'ona.

"Panya."

"Panya gani anashika fimbo, baba watoto?"

Binti alikuwa amekunja magoti kifuani. Akauliza kwa sauti ndogo, bila utani wowote, "Niongeze sauti, baba?"

Rimoti alitamani ardhi ipasuke immeze.

Kesho yake mkewe alimleta mganga, mama mfupi mwenye miwani, aliyevua viatu mlangoni na kunusa hewa kabla hata ya kusalimia. Aliuliza kama marehemu alikuwa na mtu wa kuzungumza naye.

"Siku zake za mwisho alisema anajibiwa," alisema mke wa Rimoti, akitazama chini. "Alisema, msijisumbue wanangu, nikibisha ukuta wa sebule, najibiwa kutoka ukuta wa dirishani. Tulicheka. Tulidhani ni uzee."

Mganga hakucheka. Alitaka watu wote wa damu ya marehemu wawepo, hata kwa simu. Basi dada akapigiwa, uso wake ukajaa kwenye kioo, na simu ikaegemezwa kwenye modemu. Mganga akawasha ubani na kuanza kusoma kwa sauti ya chini, na alivyozidi kusoma ndivyo chumba kilivyozidi kuwa baridi, picha ya dada ikaganda mdomo wazi, taa ya modemu ikawa nyekundu ingawa walijazana pale kitandani, na kwenye simu, juu ya ule uso usiocheza, ikatoka sauti isiyokuwa ya dada, wala ya mwanamke, wala ya mwanamume.

"Sikuja. Niliitwa," ilisema. "Alibisha kule, hakujibiwa. Nikamjibu mimi. Nikamzoea."

"Amekwenda," mganga alisema. "Nawe nenda."

"Nitakwenda. Kwanza aseme aliyemsikia mara ya mwisho."

Rimoti alijua fika kwamba dada yake, hata akiwa ameganda vile, anasikia. Akaufumba mdomo.

"Ni mimi," alisema binti. "Mimi nilimsikia bibi."

Ukuta wa dirishani ukapigwa kwa nguvu, antena ikatikisika huko nje. Jibu hilo halikutosha. Binti alianza kulia, na Rimoti akamwona, kwa mara ya kwanza tangu siku ile akamwona usoni.

"Muacheni mtoto," alisema. "Ni mimi. Aliniambia, nikaongeza sauti. Nilikuwa natazama mpira. Mama amekufa akibisha, nami namsikia."

Picha ikacheza. Dada alisogeza uso karibu na kamera.

"Kwa hiyo ule mkono hukuushika."

"Niliukuta umepoa, dada."

Hakumtukana. Angemtukana ingekuwa nafuu. Alimtazama tu, kisha kioo kikawa cheusi. Harufu ikaisha mara moja. Mganga aliwatoa wote nje, na nyuma yao, chumba kikiwa kitupu, taa ikawaka kijani.

"Ameondoka," alisema akivaa viatu. "Ila njia ameshaijua."

Tangu hapo mtandao haukukata, na dada hakupiga simu. Mkewe hakugombana na Rimoti. Alibeba tu mto wa mumewe akauweka kwenye kitanda cha chumba cha nyuma, akafunga mlango taratibu. Sasa rimoti ya televisheni ilishikwa na binti.

Homa ilimkamata Rimoti jioni moja, ikamwangusha kabisa. Koo lilikauka, miguu ilikataa, sauti haikutoka. Sebuleni televisheni ilikuwa inaongea na mkewe na binti walikuwa wanacheka. Alilala akiutazama ukuta kwa muda mrefu, kwa sababu alijua analotaka kufanya na aliona haya kulifanya. Mwishoni akakunja ngumi, akabisha.

Kicheko kikakatika. Alisikia nyayo za binti zikisogea, zikasimama. Akabisha tena.

Televisheni ikaongezwa sauti.

Rimoti alifumba macho. Hakuwa na la kumlaumu. Mkono wake ulikuwa bado ukutani alipoona, hata kwa kope zilizofungwa, mwanga wa kabatini ukibadilika kutoka kijani kuwa nyekundu, na harufu ya dawa ya kuchua ikamjia puani. Kisha, kwa upole, kutoka ukuta wa dirishani, akajibiwa.

Aliogopa, ndiyo. Lakini kilichomtia aibu kuliko yote ni kwamba alishukuru.