Mama Alivyoosha Chumvi

Hapana, Batuli mjukuu wangu, si maji ya theluji yanayoleta rovu, ule uvimbe wa shingo. Hata sisi tulidhani hivyo. Bonde zima, wanawake walikuwa nalo, na hakuna aliyeshangaa. Shangazi yangu alilifunika kwa mtandio, basi.

Ah, siku zile! Matunda yameanikwa juu ya paa, chai ya chumvi na siagi inachemka tangu alfajiri. Chumvi yenyewe ya mawe. Mama anaiosha kwanza, itoke udongo.

Bibi yako Hakima alikuwa na mimba. Ya kwanza ilikuwa imeharibika. Sasa shingo imevimba, anachoka, anasikia baridi hata juani.

"Mvivu huyu!" mama akasema. "Mimi nilikata majani na tumbo hili hapa!"

"Mama, mwache."

"Nyamaza. Umeoa juzi, leo umekuwa wakili?"

Nikampeleka zahanati. Mhudumu Kaniz akamshika shingo.

"Dada, hapa pana tezi. Inatengeneza homoni, ndiyo inayouendesha mwili. Inataka madini joto, na udongo wetu hauna ya kutosha. Ikiyakosa inavimba, nawe unachoka. Mtoto tumboni akiyakosa, ubongo wake haukui vizuri."

Hakima akalia. "Na huyu naye atapotea?"

"Umekuja mapema. Tupime damu. Daktari akikupa vidonge, usiruke hata siku. Na nyumba nzima mle chumvi ya pakiti, yenye madini joto."

Nikanunua. Kaniz anakuja kututazama, anamkuta mama kainama na bakuli, anaiosha!

"Mama, unafanya nini?"

"Naisafisha. Huko sokoni wanashikashika kila kitu."

"Madini joto yanakwenda na hayo maji! Hii haioshwi. Itie kwenye kopo lenye kifuniko, mbali na moto na jua. Uitie chakula kikikaribia kuiva."

Mama akayatazama yale maji. "Kumbe namwaga akili ya mjukuu wangu? Lete kopo!"

Tangu hapo, ole wako ukiliacha wazi.

Hakima alimeza vidonge vyake. Nguvu zikarudi. Rovu likapungua polepole, ingawa halikuisha lote. Baba yako akazaliwa mzima, analia mpaka mbuzi wanaitikia.

Zamani zile mke wa mwana alikula mwisho, wengine wakishashiba. Lakini siku moja, baba yako angali mchanga, mama akapakua ugali wa shayiri, akaweka siagi katikati, halafu akakataza mtu asiguse.

"Hakima! Njoo hapa kwangu. Nipe mtoto, wewe nawa mikono."

Akaja, akakaa. Ndipo sote tukakaa, tukala.