Nyati Walioitwa kwa Chumvi

Jirani zangu, na nyinyi mama wenzangu mnaosoma hii mtoto akiwa mgongoni, sogeeni niwaeleze yaliyolipata boma moja huku kwetu, mlimani juu ya Moi's Bridge.

Asubuhi za huko ni nzuri sana. Ukungu ukiinuka, unaiona ranchi yote ya marehemu Mzee Mungai: nyasi zinazoteremka mpaka mtoni, ng'ombe wametapakaa, na juu kabisa msitu mweusi. Janice, mke wa Gerishon mwana wa Mungai, alikuwa akikamua huku binti yake Cate ameshika mkia wa ng'ombe usimpige mama usoni. Kila kiangazi kilipofika, jirani yao Jerotich alipandisha ng'ombe wake kwenye nyasi za juu. Mzee Mungai ndiye aliyemruhusu, na tangu hapo hakuna aliyemuuliza. Watu waliishi hivyo, wakisalimiana.

Basi Gerishon akataka kuuza. Kuuza si dhambi, wapendwa. Alikuwa amechoka na baridi, akataka kuhamia Eldoret mjini afungue duka. Ubaya uliingia na broka mmoja aitwaye Jeconia, mtu wa viatu vyeupe, aliyekataa maziwa akaomba soda.

"Malisho peke yake hayawezi kumtoa tajiri Nairobi," Jeconia alisema. "Kwa tangazo nimeandika hivi: ranchi ya mlimani, malisho na uwindaji."

"Uwindaji?" Janice akauliza. "Si kuwinda kumekatazwa nchi hii?"

"Mama, mambo ya sheria tuachie sisi. Mnunuzi anataka kusimama hapa aone wanyama wakubwa. Ng'ombe huwa anaziona kwa sahani."

Gerishon alicheka mpaka chai ikamwagika. Janice aliokota kikombe tu.

Nyati walikuwepo, lakini walikaa ndani ya msitu. Hawakuwa na sababu ya kutoka. Gerishon akawapa sababu. Kila jioni alipanda na gunia la chumvi ya ng'ombe, akaimwaga kwenye uwanda wa juu, kando ya vichaka. Mwanzo walikuja mbawala. Baadaye akaja nyati mmoja, kisha kundi, wakilamba udongo kama ng'ombe wa nyumbani. Gerishon alishuka akiwa na furaha ya mtoto aliyenunuliwa viatu.

"Baba Cate," Janice alimwambia jioni moja akimfunika mtoto, "hapo juu ndipo Jerotich hulisha."

"Kiangazi bado."

"Kinakuja. Mwambie tu mapema."

"Nikimwambia, kesho lokesheni nzima inajua. Chifu anakuja, askari wa wanyama wanakuja, mnunuzi anatoroka. Unataka Cate akulie kwa matope haya? Nyamaza kidogo tu, mama. Kidogo tu."

Mlioolewa mnalijua hilo "kidogo tu". Haliji na ukali. Linakuja limeshika mkono wako. Janice alimpenda mumewe, na yeye pia alikuwa ameshaanza kuiona ile nyumba ya mjini, mfereji wa maji ukiwa jikoni. Akanyamaza.

Mvua zikakatika. Siku moja kabla ya mnunuzi kufika, Cate akiwa shule, Jerotich alitokea langoni na mtoto wake mdogo.

"Mama Cate, nishikie huyu. Leo napeleka ng'ombe juu, nyasi ya chini imeisha kabisa. Akilia mpe uji." Akamkabidhi mtoto, kisha akageuka. "Na zile nyayo nimeona kule juu jana ni za nini? Kubwa hivyo! Ama mmenunua ng'ombe za ulaya mkatuficha?"

Neno lilikuwa mdomoni. Lilihitaji pumzi moja tu. Janice akamfikiria Gerishon, na kesho, na yule mtu wa Nairobi.

"Ni za fahali wetu," akasema.

"Fahali gani huyo anavaa gumboot!" Jerotich akacheka, akachukua fimbo yake, akapanda.

Janice aliketi na mtoto. Alichota uji, akaupuliza, akaupeleka mdomoni mwake. Yule mtoto akafungua mdomo bila kuuliza kilichomo kijikoni. Jinsi alivyomwamini! Janice akasimama. Akaweka bakuli chini, akamfunga mtoto mgongoni kwa leso, akakimbia kupanda mlima.

"Jerotich! Rudi! Jerotich!"

Upepo ulikuwa unamrudishia sauti yake. Kisha akawaona ng'ombe wa Jerotich wakiteremka mbio, hakuna mtu nyuma yao. Alipofika uwandani, Jerotich alikuwa amelala kifudifudi kwenye nyasi, akilia kwa sauti ndogo. Nyati jike alikuwa amesimama hatua chache kutoka kwake, ameinamisha kichwa.

Janice alipiga mayowe. Watu wakaja kutoka mashambani na mbwa, mapanga na madebe. Gerishon alikuja. Kimutai, mume wa Jerotich, alikuja bila viatu.

"Nyati wanatafuta nini hapa?" Kimutai aliuliza, huku wanaume wakianza kuzunguka kupitia vichakani.



"Msipite vichakani!" Janice akapaza sauti. "Wako wengi humo! Ni sisi tumewaita. Tumewawekea chumvi ili mnunuzi awaone. Nilijua, na asubuhi hii nimemdanganya."

Wanaume wakarudi nyuma, wakapitia mahali pa wazi wakipiga madebe, mpaka nyati akaondoka. Hakuna mwingine aliyeumia. Lakini Jerotich alifia njiani wakimkimbiza hospitali mjini.

Kimutai aliporudi, alienda moja kwa moja kwa Janice. Alifungua fundo la leso kifuani mwa Janice kwa mikono yake mwenyewe, akamtoa mtoto mgongoni, akaondoka naye.

Mnunuzi hakuja. Jeconia alizima simu. Gerishon anaenda kortini na kurudi, kwa kesi ya wale nyati. Ranchi ipo, haijauzwa. Nyasi za juu zimerefuka, hakuna anayelisha pale, maana nyati bado wanatoka kulamba udongo.

Kila asubuhi Janice hupeleka maziwa kwa Kimutai, ya yule mtoto. Nyanya yake huyapokea mlangoni. Hamsalimii. Huyapokea tu, na kesho yake Janice huenda tena.

Funzo

Wapendwa, tamaa ya mtu mmoja huhitaji wa kuinyamazia, na mara nyingi wa kuinyamazia ni yule anayempenda. Ukiuza, uza kilichopo. Usimwite mnyama kwenye njia ya jirani ili mali yako ionekane kubwa. Na wewe mke, au mume, unayejua hatari iliyo nje na umeombwa uifiche ndani: kumheshimu mwenzako si kumficha jirani kifo. Janice alisema ukweli, na ukweli wake uliwaokoa wanaume kadhaa siku hiyo. Ungesemwa asubuhi, akiwa langoni, ungemwokoa Jerotich. Kama kuna neno la namna hiyo mdomoni mwako leo, bado una nafasi. Toka nje ukaliseme.