Kamongo wa Bwana Pelham

Marehemu alikuwa hai. Hilo ndilo lililomchoma Sajini Nassibu kuliko yote.

Siku mbili nzima alikuwa juu ya lori la mizigo kutoka Shinyanga, vumbi mpaka kwenye meno. Nyuma yake ameacha kesi ya ng'ombe arobaini wa wizi, nyayo zao bado mbichi. Simu iliyomwita ilikuwa na maneno machache tu: sumu, nyumba ya Mzungu wa mgodini Geita, mtuhumiwa amekamatwa. Nani asingedhani kuna mtu amekufa? Sasa amefika, amepelekwa barazani, anaoneshwa sanduku la kioo lililojaa maji. Chini kabisa amelala mnyama mweupe, urefu wa shibiri moja, mwenye miguu minne na mashavu mekundu kama ya samaki, yaliyochanua nje ya shingo.

"Ndiye huyu?"

"Ndiye, Afande," alijibu Askari Bujiku wa kituo cha Geita, akitazama pembeni asije akacheka.

"Amekufa?"

"Hajafa. Amezubaa."

Sajini alivua kofia, akaivaa tena. Kuna matusi ambayo mtu mzima huyameza.

Mwenye mnyama, Bwana Pelham, alikuwa mpima miamba wa mgodi. Mnyama wake alimleta kwa meli, akisema anaitwa aksoloti na kwao ni Meksiko. Watu wa kambi hawakuwa na nafasi ya jina hilo. Kwao alikuwa kamongo mzungu, basi, kwa kuwa alifanana na kamongo, yule samaki wa ziwani, aliyebandikwa miguu.

"Zamani anaogelea kutwa," Bwana Pelham alisema kwa Kiswahili chake cha amri. "Mimi napita, yeye anakuja. Sasa wiki mbili haogelei, haamki, hali minyoo. Mpishi ametia sumu. Sumu ya kusafisha dhahabu."

"Bwana alimwona akitia?"

"Hapana kuona. Lakini alisema mbele ya watu: huyo mdudu akifa, nitapumzika. Jumatatu Bwana Shauri anakuja kuhukumu. Atampa miezi sita. Wewe leta ushahidi."

Siku hiyo ilikuwa Ijumaa.

Mahabusu ilikuwa chumba kimoja cha udongo nyuma ya kituo. Salehe, mpishi, mzee wa miaka hamsini na ushei, alikuwa ameketi juu ya mkeka, kanzu yake imechafuka lakini ameikunja vizuri magotini. Sajini alimwamkia kwanza. Sare ni sare, na mzee ni mzee.

"Shikamoo, Mzee Salehe."

"Marahaba, mwanangu."

"Ulisema mnyama akifa utapumzika?"

"Nilisema."

"Kwa nini?"

"Kila siku ndoo tatu za maji ya baridi. Asubuhi, adhuhuri, alasiri. Mimi ni mpishi au mlezi wa kamongo?"

"Ulimtilia sumu?"

"La."

"Nani alimtilia?"

Mzee alikung'uta vumbi kwenye kanzu.

"Mzee wangu, nisaidie nikusaidie. Kuna mtu unamshuku?"

"Hakuna."

"Kuna kitu kimebadilika pale nyumbani wiki hizi mbili?"

Hapo mzee alichelewa. Alichelewa kidogo tu, lakini Sajini hakuwa mgeni wa kazi hii.

"Hakuna kilichobadilika," Salehe akasema. "Niache nifungwe, mwanangu. Miezi sita si umri."

Sajini alitoka akibamiza mlango. Tangu aanze upelelezi alikuwa amekutana na wezi wanaokana, wauaji wanaokana, hata mwizi aliyekana huku mbuzi analia mgongoni mwake. Mtu asiye na kosa anayeomba kufungwa, huyu ndiye wa kwanza. Alijisikia kulia kwa hasira.

Nje ya kituo alimkuta mke wa mzee, Mwahija, ambaye kambini wote walimwita Mama Zuwena, ameshika bakuli la ugali lililofunikwa.

"Mama Zuwena, mumeo ana adui?"

"Adui wa Salehe? Salehe anayewasalimia hata kuku?" Machozi yakamtoka. "Baba, mume wangu hana kifua cha jela. Akikohoa usiku nyumba nzima inaamka. Mkimpeleka huko mtanirudishia sanda."

"Anajua jambo na hasemi."

"Ningelijua mimi, ningekwambia saa hii hii."

Alikuwa anasema kweli, na ndiyo maana Sajini alizidi kukasirika.

Jumamosi asubuhi alianza na sumu. Yeye na Bujiku walikwenda bondeni wakakamata viluwiluwi ishirini, Sajini amekunja suruali ya serikali mpaka magotini huku wanawake wanaochota maji wakimpigia vigelegele vya dhihaka. Viluwiluwi kumi akavitia kwenye maji ya mtoni, kumi kwenye maji ya sanduku la kioo. Akakaa barazani kuvilinda, kama kuku anayeatamia.

Saa tatu. Saa nne. Saa sita. Vyote vilikuwa vinacheza. Vile vya maji ya sanduku ndivyo vilivyokuwa vinacheza zaidi.

"Hakuna sumu," alisema.

"Basi tumeshinda, Afande!"

"Tumeshinda nini? Mnyama bado amezubaa. Jumatatu Bwana atasema mzee alimroga, na sisi tutasemaje?"

Jua lilikuwa kali. Koo lilimkauka kwa vumbi na kwa ghadhabu. Pembeni mwa baraza, juu ya kigoda, ulisimama mtungi mkubwa ambamo Salehe alikuwa akitoa maji ya mnyama. Sajini alichota kata moja, akapiga funda, akatema.

"Aka! Maji gani haya? Yana moto kama ya kuogeshea mtoto!"

"Ya mtungini hayawezi kuwa ya moto," Bujiku alisema. "Mtungi unapoza."

Sajini aliitazama kata mkononi. Akaenda kwenye sanduku la kioo, akatumbukiza mkono. Vuguvugu. Akarudi, akaupapasa mtungi tumboni kwa kiganja. Mkavu. Mkavu kabisa, na unateleza.

"Bujiku, mtungi wa kwenu ukoje kwa nje?"

"Umelowa, Afande. Siku zote. Ukiuegemea unaloa shati. Usipotoka jasho maji hayapoi, hilo hata mtoto anajua."

Sajini alikwangua kwa ukucha, akanusa. Samli. Samli, na uji wa mtama uliokaukia ndani ya vitundu vya udongo.

Alijua kazi hiyo. Mama yake alikuwa akiifanya kwa kila chungu kipya cha kupikia: unakipasha motoni, unakipaka uji mwepesi na mafuta, vitundu vinaziba, mchuzi hauvuji. Ni kazi ya wanawake wa jikoni, na hufanyiwa chungu. Mtungi wa maji hauzibwi, kwani ukiuziba umeuua.

Lakini nani azibe mtungi, na kwa faida gani? Akainama. Chini ya kigoda, kwenye sakafu ya mbao iliyong'arishwa kwa nta nyekundu, palikuwa na doa kubwa jeupe la maji ya zamani. Akalipapasa: kavu.

"Bujiku, kimbia kwenu ulete mtungi wenye maji. Na mwanamke anayemfulia Bwana nguo ni nani?"

"Ni Mama Zuwena, Afande."

"Aaa," alisema Sajini. "Mwite naye."

Mwahija alikuja akijifuta mikono. Sajini alimketisha kwenye ngazi ya baraza.

"Mama, mtungi huu uliuziba wewe?"

"Ndiyo," alijibu bila wasiwasi. "Wiki mbili sasa, Bwana alipokwenda kuwinda. Kwani una nini?"

"Kwa nini uliuziba?"

Mwahija alikaza kanga yake.

"Ulikuwa unalowesha sakafu. Kila asubuhi Bwana akiona maji, ni kelele: mzee mchafu, mzee mjinga. Siku moja nilikuwa naanika mashuka pale. Nikamwona anampiga kofi. Salehe wangu, Baba! Mtu mwenye wajukuu! Akaokota kofia yake, akapiga magoti kufuta maji. Jioni hakuniambia, na mimi sikumwambia kuwa nimeona. Nikasema, huu mtungi hautadondosha tena hata tone. Na haukudondosha. Hajapigwa tena."

"Mama, mnyama huyu anataka maji ya baridi. Ulipouziba mtungi, maji yakapata joto. Ndilo lililomlegeza."

Alimtazama Sajini, akatazama sanduku, akatazama mtungi. Kisha alipiga yowe.

"Kumbe ni mimi! Nimemfunga mume wangu kwa mikono yangu! Nipeleke mimi, Baba, nipeleke sasa hivi!"

Bujiku alifika na mtungi wa kwao unaochuruzika. Walimimina maji taratibu, kata kwa kata. Baada ya muda mnyama alitikisa mkia. Halafu akanyanyuka na kuogelea mpaka kwenye kioo, akawatazama.

Bwana Pelham alitoka mbio. "Anaogelea! Nani alifanya?"

Sajini alimsomea maelezo yote kwa sauti ya kituoni, bila kupunguza neno. Alipofika kwenye kofi, Bwana alipata wekundu mpaka masikioni.

"Kofi usiandike."

"Ndiyo sababu, Bwana. Bwana Shauri atauliza sababu. Bila kofi hakuna mtungi, na bila mtungi hakuna kesi. Nasoma yote Jumatatu, ama mlalamikaji anafuta mashtaka na mimi sisomi kitu."

Bwana alinyoosha mkono akitaka kalamu.

Salehe alitolewa alasiri. Mkewe alikuwa mlangoni, hathubutu kumtazama.

"Ulijua?" alimuuliza.

"Tangu siku ya kwanza. Nani mwingine hapa angeziba mtungi kwa samli ya nyumbani kwangu?"

"Ukanyamaza!"

"Ningesema, ungelala wewe humo ndani."

"Na mimi ningelala! Mzee mzima huna akili!" Akamshika kanzu kwa mikono miwili, analia, hamwachii.

"Siku mbili mmenizungusha!" Sajini alifoka. "Viluwiluwi nimekamata mimi! Mtu na akili zake anakaa jela, neno moja limemkaa rohoni, hasemi!"

"Tuwie radhi, mwanangu," alisema Salehe. "Bwana amesema nini? Kesho niende kazini?"

"Amesema uende alfajiri."

Mzee alimtazama mkewe, akamfuta shavu kwa ncha ya kanga.

"Mwambie Bwana atafute mwingine."