Dobi na Mifuko ya Watu

Ndugu zangu, jina la kuzaliwa la dobi huyu limesahaulika. Mtaa mzima unamwita Amana, maana kabla ya kuloweka nguo yoyote hugeuza mifuko yake, na akipatacho, hata kifungo kilichokatika, humrudishia mwenyewe. Asubuhi moja alikuwa akipiga pasi huku mkewe akimpelekea nguo zilizokauka.

"Shati hili lina makunyanzi kuliko uso wako," mkewe alimtania.

"Na uso huu uliuchagua mwenyewe, mchana kweupe!"

Wakacheka. Nani angedhani kwamba mle ndani mlikuwa na shida? Dada yake Amana, aliyemlea tangu mama yao alipofariki, alikuwa amezikwa miezi michache nyuma, na usingizi ukamkimbia Amana. Daktari alimwandikia vidonge vya usingizi vya kutumia muda mfupi, akamwambia arudi wazungumze. Hakurudi. Vilipokwisha alinunua vingine kwa muuza dawa asiyeuliza maswali, na kimoja kilipoacha kumtosha akameza viwili. Chovya chovya humaliza buyu la asali. Akawa anaamka mzito, maneno yanampotea mdomoni, na mkewe akimuuliza anamfokea, yeye ambaye hakuwahi kumpandishia sauti.

Siku hiyo vidonge vilikuwa vimemwishia, na yule muuza dawa alikuwa amefunga duka. Amana alichukua koti la Mwalimu, bibi mstaafu wa nyumba ya pili, akageuza mifuko kama kawaida. Mkono ukatoka na vidonge vile vile anavyovijua. Akachungulia uani, mkewe alikuwa amempa mgongo, akavitia mfukoni mwake.

Jioni Mwalimu alipita. "Mwanangu, hukuona dawa zangu kwenye koti?"

"Hapana, Mwalimu. Mifuko ilikuwa mitupu."

"Basi nimezipoteza mwenyewe. Uzee huu! Zingekuwemo, wewe ungenirudishia."

Heri angemtukana. Maneno yale yalimchoma Amana, na kabla ya kulala akameza vitatu ili asiyasikie tena.

Kesho yake alisimama mezani, pasi mkononi, koti la Mwalimu mbele yake. Macho yakajifumba. Kilichomzindua ni ukelele wa mkewe na moshi uliojaa chumba. Mkewe alikuwa ameshachomoa waya ukutani na kuisukuma pasi kwa mkono mtupu. Koti lilitoboka mgongoni. Kiganja cha mama wa watu kiliungua vibaya.

"Unaumwa nini, mume wangu?" alilia. "Niambie! Nimechoka kuishi na mtu aliyelala huku amesimama."

Amana aliketi sakafuni, akatoa vidonge vilivyobaki. "Hivi vina mwenyewe," alisema. "Nimeiba." Kisha akalia, kilio ambacho msibani kilikataa kutoka.

Walikwenda kwa Mwalimu pamoja. Amana alijua kwamba kufikia jioni hatakuwa na jina tena mtaani, lakini alieleza yote bila kuficha. Mwalimu alilitazama koti, akakitazama kiganja kilichofungwa kitambaa.

"Koti ni nguo tu," alisema hatimaye. "Na mimi nina langu la kusema. Jana nilipovikosa nilipekua nyumba nzima nikitetemeka. Daktari aliniambia nimeze kimoja. Simezi kimoja, mwanangu. Twendeni kwake wote."

Daktari hakuwagombeza. Aliwaonya wasiache ghafla, akawapangia kupunguza kidogo kidogo huku akiwaangalia, na Amana akazungumza habari za dada yake kwa mara ya kwanza. Zipo siku bado anakesha. Siku hizo humwamsha mkewe, wakapiga soga.

Nguo za watu bado anazigeuza mifuko. Lakini siku hizi kila asubuhi, kabla ya kuwasha pasi, huanza na mifuko yake mwenyewe, mbele ya mkewe. Hakuna aliyemwagiza.

FUNZO

Wapendwa, dawa ya usingizi ni msaada wa muda, na mwenye kuujua muda huo ni daktari. Usijiongezee, usimeze ya mwenzio, wala usiiache ghafla bila kumwona daktari. Na ukiwa na majonzi, yaseme. Mficha uchi hazai. Amana aliogopa kupoteza jina lake kwa kusema kweli, kumbe uongo ulikuwa karibu kumpotezea jina, nyumba na mke kwa pamoja.